Ungamo la Refa Leokadia

Nzijicho zilishuka juu ya lango la kusini kama nyuki waliochokozwa. Zilikuwa mashine ndogo za kuruka, kila moja ndogo kuliko punje ya hindi, na kila moja ilikuwa na jicho lake. Ziliutazama mpira kutoka pande zote, zikapeleka zilichokiona kwa Shahidi, mtambo mkuu wa akili uliokaa chini ya jukwaa la uwanja wa Sumbawanga. Zama hizo hakuna mechi iliyochezwa bila Shahidi. Kipyenga peke yake ndicho kilichobaki mdomoni mwa binadamu, kwa kuwa mashabiki walikataa katakata kupuliziwa filimbi na mashine.

Zilikuwa dakika za lala salama. Timu za Upepo ya Sumbawanga na Migebuka ya Kigoma, iliyoitwa kwa jina la samaki wa Ziwa Tanganyika, hazikuwa zimefungana. Winga wa Migebuka alipiga krosi ya chinichini, na Gaudensi, beki kijana wa Upepo, akajitupa kuizuia. Refa Leokadia Sikazwe alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Aliuona mpira ukiparuza kidole cha Gaudensi chenye plasta nyeupe. Mpira ukapinda, plasta ikachomoka, ikadondoka kwenye majani.

Akapuliza kipyenga na kuonyesha alama ya penalti. Papo hapo bangili mkononi mwake ikawaka kijani, ishara kwamba Shahidi amekubali.

"Refa, jamani! Sijaunawa!" Gaudensi alilalama.

"Shahidi amekubali, mwanangu. Toka kwenye boksi."

Leokadia aliinama, akaokota ile plasta na kuitia mfukoni. Mzee Chomba, aliyemfundisha urefa, alikuwa akisema kwamba uwanja ni kama altare, haupaswi kuachiwa takataka.

Migebuka walipiga, wakafunga. Jukwaa zima likalipuka.

"Mwizi! Umehongwa migebuka mingapi?"

"Hamia Kigoma ukaparue samaki!"

Jioni ile bangili iliwaka tena. Safari hii ilileta ujumbe: "Mapitio yamekamilika. Mpira haukugusa mkono. Jiandae kwa Ungamo, Jumapili baada ya misa."

Ungamo lilikuwa desturi ya ligi tangu Shahidi alipoanza kazi. Refa aliyekosea alisimama katikati ya uwanja, mbele ya mchezaji aliyedhulumiwa, akasema, "Nimekosa." Umati ukajibu kwa makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama Wafipa wanavyomwamkia mtu wa heshima. Hapo jambo likaisha. Leokadia alikuwa ameipenda desturi hiyo. Aliona ni jambo la Kikristo, mtu mwenye kipyenga kunyenyekea mbele ya watu.

Aliwasha taswira-mwanga sebuleni. Wachezaji wakatokea juu ya meza, wafupi kama vikombe, wakacheza upya ile krosi. Mpira ulipita mbali na mkono. Akarudisha nyuma, akatazama tena. Hewa tupu kati ya mpira na kidole.

"Bwana, mbona niliona?" alinong'ona.

Alimkumbuka Mzee Chomba. Naye aliungama penalti, miaka kadhaa iliyopita, na tangu siku ile hakuyaamini macho yake tena. Alifunga kibanda chake cha kutengeneza saa. Alikuwa msomaji wa masomo kanisani, mwenye sauti ya kengele, lakini akakataa katakata kupanda kwenye mimbari. "Macho yaliyodanganya uwanjani," alisema, "yasije yakadanganya Neno la Mungu." Sasa alikaa benchi la mwisho, akisomewa kama mtoto.

"Ndiyo zamu yangu," Leokadia alijiambia. Akanyanyuka kuzima taswira, na hapo mkono wake ukasimama hewani. Katika taswira Gaudensi alikuwa akitoka uwanjani baada ya mchezo, na plasta nyeupe ilikuwa ingali kidoleni.

Alikwenda haraka kwenye beseni la nguo, akaingiza mkono mfukoni mwa kaptura yake ya kazi. Plasta ilikuwamo.

Usiku ule alimshuku kila mtu. Aliwashuku Upepo, akamshuku Gaudensi kwamba alivaa plasta mbili, akajishuku mwenyewe kwamba aliokota takataka ya mtu mwingine. Nje ya dirisha nzijicho moja ilikuwa imetua juu ya kamba ya nguo. Nzijicho hazikuwa na kazi nje ya uwanja. Alishika rozari yake, akavuta pazia.

Kesho yake alikwenda kwa mhandisi Ladislaus, mlezi wa Shahidi. Walikua pamoja mtaa mmoja, na utotoni Leokadia ndiye aliyemfundisha katekisimu. Alimkuta katika chumba cha chini ya jukwaa, akitafuna karanga mbele ya ukuta wa taa.

"Shikamoo, dada Leo."

"Marahaba. Ladi, nionyeshe picha za kwanza, za kabla ya mapitio."

"Za kwanza zipi? Picha ni zile zile."

"Bangili yangu iliwaka kijani."

"Ah, bangili nazo. Wakati mwingine hukosea."

"Mbona mlituapia kwamba hazikosei?"

Ladislaus alicheka kicheko kikavu. Alitupa jicho darini, kisha akawasha feni kubwa iliyonguruma kama lori. Leokadia alielewa kwamba feni ile haikuwashwa kwa sababu ya joto. Aliweka plasta juu ya meza.

"Hii ilidondoka mpira ulipomgusa. Kwenye picha yenu iko kidoleni mpaka mwisho wa mchezo. Nieleze."

Ladislaus aliacha kutafuna.

"Unaukumbuka moto wa uwanja wa Mpanda?"

"Nani asiyeukumbuka? Tulizika watu."

"Ulianzia kwenye penalti. Na penalti ile, dada, ilikuwa halali kabisa." Alifuta chumvi vidoleni. "Baraza la Kandanda likajifunza kitu. Umati uliokasirika hautulizwi na picha, hata uwaonyeshe mara mia. Lakini refa akisimama na kusema amekosa, hasira inashuka kama maziwa yaliyoepuliwa jikoni. Basi kila kiti kikawekewa kipimahasira, kinachosoma mapigo ya moyo na ukali wa sauti. Hasira ikivuka mstari mwekundu, Shahidi hutafuta wa kuibeba."

"Hutengeneza picha ya uongo."

"Hutengeneza picha ya amani. Tangu hapo hajafa mtu."

"Na marefa wote wamekubali?"

"Hawajui. Wengi wenu ni watu wa sala. Mtu wa sala ukimwambia amekosa hagombani nawe, hupiga magoti."

Maneno yale yalimchoma Leokadia kuliko matusi ya jukwaani.

"Ladi. Na Mzee Chomba?"

Mhandisi aliangalia maganda ya karanga.

"Ninakuuliza, Mzee Chomba je?"

"Alikuwa sahihi," Ladislaus alisema kwa sauti ndogo. Kisha akamshika mkono. "Dada, ungama tu. Ni neno moja. Ukikataa, watakunyang'anya kipyenga. Na wale watu wakiwasha moto kesho, damu yao itakuwa juu yako."

Leokadia alirudi nyumbani na mzigo huo. Alisali mpaka magoti yakafa ganzi, lakini hofu haikumtoka. Angewezaje kupima uongo mmoja dhidi ya roho za watu? Lakini kila alipofumba macho alimwona Mzee Chomba kwenye benchi la mwisho, akitubu mwaka baada ya mwaka dhambi aliyobandikwa na mashine.

Jumapili uwanja ulijaa. Mzee Chomba naye alikuja, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Gaudensi alisimama mbele ya Leokadia kama desturi ilivyotaka, akisubiri kuombwa radhi, macho chini. Nzijicho zilitanda juu yao.

"Nilikuja kuungama," Leokadia alianza, na vipaza sauti vikaibeba sauti yake. "Lakini kuungama kosa nisilolitenda ni uongo mbele za Mungu. Ile ilikuwa penalti."

Kelele zilipasuka. Chupa ilimpita sikioni. Watu wakaanza kuruka vizuizi. Leokadia hakuwatazama. Alimkunjulia Gaudensi kiganja chenye plasta.

"Mwanangu, hii ni ya nani?"

Kijana aliitazama plasta, akaficha mkono nyuma.

"Mimi sina hasira nawe. Ni ya nani?"

"Yangu, Refa." Vipaza sauti vilimnasa naye pia. "Mpira ulinigusa. Nilijua. Halafu waliponionyesha ile picha, nikasema moyoni, basi Mungu amenisaidia." Alianza kulia. "Nimekosa."

Waliokuwa wameruka vizuizi walisimama, wakatazamana kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Kisha mama mmoja wa jukwaa la chini, muuza mihogo, akakunja viganja na kupiga makofi. Wengine wakafuata, wachache, tena shingo upande. Lakini hakuna aliyewasha kiberiti. Leokadia alivuka uwanja moja kwa moja mpaka kwa Mzee Chomba, akamwambia sikioni aliyoyasikia kwa Ladislaus. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

Kipyenga cha Leokadia kilichukuliwa kabla ya wiki kwisha. Baraza lilitangaza kwamba Shahidi amezimwa kwa uchunguzi. Mjini watu walinong'ona kwamba atarudi akiwa na jina jingine, na nzijicho ile bado ilikuwa juu ya kamba ya nguo.

Jumapili iliyofuata, wakati wa somo la kwanza, Mzee Chomba alinyanyuka kutoka benchi la mwisho. Alitembea polepole kati ya watu mpaka kwenye mimbari. Alisoma kwa ile sauti yake ya kengele, bila kuruka neno, na waumini wengi walifuta machozi.

Alipokuwa akirudi, alisimama kwenye benchi la Leokadia na kumwinamia.

"Binti yangu," alinong'ona, "nimesoma kilichoandikwa?"