Uzi wa Mama Batula

Kila Jumamosi asubuhi, akishaosha vyombo na kufagia uwanja, Kinya alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yao huko Bulla Pesa, mtaa wa mji wa Isiolo, akachambua sufu. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo. Sufu ya kondoo ilitoka Timau ndani ya magunia, imejaa miiba na nyasi, nayo ilinuka. Kila kipande kilitolewa uchafu kwa vidole kabla ya mama yake, Kananu, kukiosha, kukisokota na kukifuma kuwa sweta. Zilikuwa sweta nzito, zenye joto. Wafanyabiashara wa miraa waliopanda kwenda Meru alfajiri walizivaa, na watoto wengi wa shule pia. Kinya mwenyewe alisomeshwa na sindano zile mbili za mama yake.

Ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, waasi waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya. Malori yalipita barabara ya kaskazini kwa msafara tu, askari mbele na askari nyuma, na kila mzigo ulioingia mjini Isiolo ulikaguliwa. Watu waliendelea kuuza, kupika na kwenda shule, lakini walijifunza kuchunga ndimi zao. Mtu akihusishwa na shifta, hata kwa utani, hakujua siku yake ingeishia wapi.

Rafiki mkubwa wa Kinya alikuwa Batula, msichana wa Kiborana. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa miiba, na walisoma pamoja darasa la sita. Siku moja Batula alifika shuleni amevaa sweta nyekundu iliyong'aa kama pilipili mbivu. Wasichana walimzunguka wakaishika.

"Hii si sufu," Batula aliwaeleza. "Mjomba Adano ametuletea uzi kutoka Nairobi. Anasema unaitwa akriliki. Hautoki kwa kondoo, unatengenezwa kiwandani. Ukiufua asubuhi, mchana umekauka. Na nondo hawauli."

Hata Mwalimu Mbae aliishika sweta ile, akaigeuza mkono ndani na nje. "Mwambie mama yako mke wangu anataka vitambaa vya viti," alisema. "Rangi hii hii."

Kinya alikuwa amevaa sweta yake ya kahawia, ile inayowasha shingoni. Hakuna aliyeigusa.

Kabla mwezi haujaisha, mji mzima ulikuwa ukizungumzia uzi wa Mama Batula. Mke wa karani alitaka vitambaa vya makochi. Mama mmoja wa Kiwanjani alitaka blanketi la mtoto, jirani yake akataka kubwa zaidi. Kinya aliwatazama watu wakipita mbele ya mlango wao, bila hata kugeuza shingo, wakiingia kwa kina Batula. Magunia mawili ya sufu yalibaki pembeni bila kufunguliwa.

"Mama, huoni wanatuacha?" aliuliza.

"Naona," mama yake alijibu. "Kitu kipya kikija, watu hukitaka. Hata mimi ningependa kukijaribu."

Jibu hilo lilimchoma Kinya kuliko kama mama angelia. Wivu ulimkaa kifuani kama mfupa uliokwama. Batula akicheka, alidhani anachekwa yeye. Batula alipomletea kipande cha uzi mwekundu afungie nywele, Kinya alisema asante, kisha akaenda kukitupa chooni.

Jumatatu moja jioni, wasichana walikuwa kwenye foleni ya maji bombani. Batula hakuwepo. Lowoi, msichana wa Kiturkana aliyesoma nao, alisema, "Mama yangu ameagiza blanketi kwa kina Batula. Nashangaa, uzi mwingi vile wanaupata wapi?"

"Kwani hamjui?" Kinya alisema. Hakuwa amepanga kusema lolote. Lakini wote walimgeukia, na ilikuwa muda mrefu tangu watu wamgeukie hivyo. "Mmewahi kuona mzigo ule ukikaguliwa barabarani? Unaletwa na shifta. Kwa ngamia, kupitia porini."

Msichana mmoja alichukua ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka. Kinya alisikia utamu fulani mdomoni, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuhisi uzito wa ndoo.

Siku ya tatu, aliporudi kutoka shuleni, alikuta watu wamejaa mbele ya nyumba ya kina Batula. Askari wawili walikuwa wakitoa mabunda ya uzi na kuyatia kwenye gunia: mekundu, ya njano, ya samawati. Mama Batula, aliyeitwa Abiba, alitoka amejitanda shuka yake vizuri kama mtu anayekwenda kwa wageni. Aliwekwa katikati, wakaondoka naye. Hakuna jirani aliyemsalimu.

Batula alikuwa nyuma, amembeba mdogo wake mgongoni. Alipomwona Kinya alimkimbilia.

"Kinya, mwambie mama yako aje," alisema. "Yeye anatujua. Awaambie sisi si watu wa shifta."

Kinya aligeuka akaingia nyumbani kwao.

Abiba hakurudi siku hiyo. Asubuhi iliyofuata, wanawake wawili walibisha kwa Mama Kinya. "Tumerudi kwako," mmoja alisema. "Tufumie sweta za watoto. Heri sufu yetu tunayoijua."

Hiki ndicho Kinya alichokuwa akikitamani kwa mwezi mzima. Alisimama nyuma ya pazia akasubiri mama yake afurahi.

"Sitashika sindano mpaka jirani yangu arudi nyumbani," Mama Kinya alisema. "Abiba ndiye aliyempokea Kinya mikononi mwake nilipojifungua. Ni nani aliyemzushia uongo huu?"

Wanawake wale walitazamana. "Maneno yalitoka bombani," mmoja alijibu, wakaaga.

Uji wa Kinya ulipoa kikombeni. Alimtazama mama yake akitafuta leso ili aende kituoni, na akajua kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Mama, ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyesema bombani. Nilibuni tu."

Mama yake aliacha kutafuta leso. Hakumpiga, wala hakupaza sauti. "Vaa viatu," alisema.

Kituoni walimkuta afande mmoja mrefu mezani, na lile gunia la uzi liko sakafuni karibu naye.

"Afande, mtoto huyu ana neno," alisema Mama Kinya, akamsukuma Kinya mbele.

Kinya aliyarudia yote aliyoyasema bombani. Afande aliweka kalamu chini.

"Ngamia uliwaona?"

"Hapana, afande."

"Mtu yeyote akileta mzigo ulimwona?"

"Hapana."

"Basi uliona nini?"

Machozi yalianza kumtoka Kinya. "Niliona sweta ya Batula," alisema. "Nikaona ni nzuri kuliko yangu."

Afande aliagiza Abiba aletwe. Mama Batula aliingia macho yakiwa mekundu kwa kukosa usingizi, akasikia maneno yaleyale kutoka kinywani mwa mtoto aliyemkanda akiwa mchanga. Kinya alitamani ardhi ipasuke.

"Hatukuwa na jambo lingine juu yako, mama, ila maneno haya," afande alimwambia Abiba. "Chukua uzi wako. Hesabu uone kama umetimia." Akamgeukia Kinya. "Na wewe ukumbuke. Siku hizi mtu anaweza kupotea kwa neno moja."

Abiba aliinama akatoa mabunda moja moja. Aliyatenga yale ya samawati, akampa Mama Kinya.

"Haya ni yako," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa niyalete Ijumaa. Kazi imenizidi, mikono yangu haitoshi, na hakuna mtu mjini anayefuma kama wewe. Nilitaka tufanye pamoja."

Kinya aliposikia hayo alilia kwa sauti.

Walirudi nyumbani watatu. Mlangoni kwake, Abiba alisimama. "Sikuchukii, Kinya," alisema. "Lakini jina langu limezunguka mji mzima likiwa chafu. Wewe ndiye uliyelitoa. Lirudishe."

Kinya alikwenda bombani jioni ile, akasimama mbele ya foleni akasema kwamba alidanganya, na kwamba alidanganya kwa wivu. Kesho yake alipita nyumba hadi nyumba. Mama yake Lowoi alimsikiliza, akaenda mwenyewe kuulizia blanketi lake. Wengine walimfukuza. Mwanamke mmoja alimwambia, "Umefundishwa kusema hivyo," na hakumsalimia Abiba tena hata baada ya mwaka. Jambo alilolisema kwa dakika moja lilimchukua majuma matatu kulikanusha, na bado halikwisha lote.

Mama zao walianza kufanya kazi pamoja uani kwa kina Batula. Abiba alifuma blanketi na vitambaa vya viti, Mama Kinya akafuma sweta, za uzi mpya kwa waliotaka rangi na za sufu kwa waliotaka joto. Walioagiza walizidi kuongezeka, hata kutoka Kulamawe. Lakini Batula hakuongea na Kinya. Shuleni alihamia dawati lingine.

"Atanisamehe lini, Mama?" Kinya aliuliza Jumapili moja, akikunja uzi kuwa donge kando ya mama yake uani pale.

"Sijui," mama yake alijibu. "Hilo ni lake, usimharakishe. Sikia, mwanangu. Wivu huja wenyewe, kama njaa, na hakuna mtu asiyeujua. Ukiuhisi, njoo uniambie mimi, au fanya kazi mpaka upoe. Usiupe ulimi. Uongo wa mwenye wivu haumuumizi jirani peke yake. Na wewe pia unakuondolea mtu aliyekuwa tayari kukugawia alicho nacho."

Kinya aliinamisha kichwa akaendelea kukunja. Baada ya muda Batula alitoka ndani, akawatazama, akachukua ncha nyingine ya bunda lililokuwa limejisokota. Alikaa kwenye mkeka. Aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, na hakusema neno, lakini alikaa.