Kikohozi Ndani ya Chekeche

Chekeche lilikohoa. Sebia binti Umat alikijua kikohozi kile: kifupi, kikavu, cha mwanawe Senai, aliyekuwa nyumbani ng'ambo ya Mto Oya, na ambaye alikuwa amepona.

Alilitazama pipa la wavu la kinu likizunguka. Rojo la sago, moyo uliosagwa wa msago, mti wa jamii ya mnazi, liliingia, maji yakalipiga, unga ukapenya kwenda birikani, makapi yakatemwa nje. Ila leo palinuka nywele zilizoungua.

"Lajim, umesaga nini?"

Lajim bin Sahat, msimamizi, alicheka. "Sago, dada. Ulitaka nisage nazi? Kulikuwa na kisanamu kimenasa kwenye magogo mtoni. Nacho ni sago, nikakitia."

Damu ilimchemka Sebia. Mmelanau gani, mzaliwa wa mto huu, asiyejua? Mganga huchonga sura ya jini kwa moyo wa msago, humwita jini aingie humo, kisha sanamu huachwa kando ya mto ioze yenyewe. Haiguswi.

"Kilikuwa na mkia wa samaki?"

"Na meno. Kibaya kama mama mkwe wangu."

"Mwanangu alitolewa ugonjwa kwa sanamu hiyo! Zima mashine, mshenzi wewe!"

"Tajiri anataka mzigo leo. Jini wako apange foleni." Akachota bakuli la unga mbichi birikani, kama desturi yake, akaenda kwake kula.

Sebia aliukata umeme mwenyewe. Mikanda ikanyamaza, pampu ikanyamaza, lakini pipa liliendelea kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi, na ndani yake makapi yakajikusanya yakawa shavu, yakawa mdomo uliojibana kwenye wavu, ukamwita kwa sauti ya Senai, "Mama, nifungulie, mama," naye akarudi nyuma huku akilia kwa hasira, maana alijua si mwanawe, na alijua pia kwamba pumzi ile ilikuwa ya mwanawe.

Alivuka mto. Senai alikuwa mkekani, midomo ya buluu. Sebia alimbeba hadi kwa mganga, Bibi Puyang, na wote watatu wakarudi kinuni.

"Mmemvunjia nyumba," bibi alinong'ona. "Amerudi kwa mwenyeji wake wa zamani. Nipe unga wote na makapi yote."

Sebia alikanda hadi viganja vikachubuka. Bibi akafinyanga: mkia, meno, mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulianguka. Akaubandika, ukaanguka tena.

"Unga wa mkono huu haumo humu, mwanangu. Kuna aliyeuchukua."

"Namjua."

"Basi mwite, tumtapishe kwanza. Nikimwita jini sasa, kiungo kilichobaki nje kitakaa kilipo."

Senai alivuta pumzi, ikakwama. Sebia alitazama ng'ambo ya uwanja, kwenye baraza ya Lajim, ambako msimamizi alikuwa akizungusha uji mzito wa sago kwa vijiti na kuulamba.

"Mwite jini, Bibi."

Bibi aliita. Pipa likasimama. Senai akavuta pumzi ndefu, akaomba maji.

Sanamu, pungufu ya mkono, wakaipeleka kando ya mto, mbali na magogo. Waliporudi, Lajim alikuwa amesimama barazani, ameshika koo.

"Dada Sebia," alisema, kisha akakohoa: kifupi, kikavu, kikohozi cha mtoto. "Kuna kitu kinanikwaruza humu. Kama vidole. Fanya kitu, dada."

Sebia alimfuta mwanawe jasho.

"Panga foleni," akasema.