Usiseme Lile Neno Mbele ya Bosi

"Mtoto yuko wapi?"

Fundi cherehani aliinua uso kutoka kwenye mashine. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, tumbo limemtangulia, simu kaikamata kama kisu.

"Mtoto gani, dada?"

"Usiniite dada! Mtoto uliyemzaa na mume wangu. Meseji zako hizi hapa, nimezipiga picha kwenye simu yake."

Akasoma kwa sauti:

"Bosi hawezi tena kusimama. Leo nimembadilisha nepi mara mbili. Honi ikilia nje anageukia mlangoni, anadhani ni wewe. Daktari anakuja kesho alasiri. Mpenzi, njoo umuage."

Fundi aliyatambua maneno yake. Alimwandikia jana yake dereva wa lori, mchumba wake. Akaitazama pete kidoleni mwake, kisha akaitazama ya mgeni.

"Mume wako?"

"Wa ndoa! Twende ndani unionyeshe huyo mtoto!"

"Usiseme hilo neno!"

Alichelewa. Ndani kitu kilianguka, kikaanza kujikokota sakafuni, krr, krr. Pazia likasogea. Akatokeza mbwa mkubwa wa kahawia, masikio yamesimama, macho yanang'aa kwa furaha, miguu ya nyuma ikiburutika kama matambara. Nepi ilikuwa imemshuka upande.

Mgeni alishika mdomo.

"Huyu ndiye...?"

"Ndiye Bosi. Mumeo aliniachia nimtunze mpaka atakaporudi kunioa."

Mgeni alicheka. Kicheko kikageuka kilio, akajibwaga kwenye kiti cha wateja.

"Nimepanda basi tangu alfajiri, na tumbo hili, kuja kupigana na mama wa mbwa!"

Fundi alipiga magoti, akaikaza nepi.

"Anaumwa nini?" mgeni aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Mishipa ya fahamu ya mgongoni inakufa polepole. Haina dawa. Ilianza na kucha za nyuma kukwaruza chini, tukadhani ni uvivu. Sasa hata miguu ya mbele inaishiwa nguvu, na kuhema anahema kwa taabu."

"Na lile neno?"

"Akilisikia anajua anatolewa nje. Kwa hiyo ukilisema, lazima umtoe. Bosi hadanganywi. Hiyo ni sheria ya mumeo."

"Bosi hadanganywi," mgeni alirudia taratibu. "Wa kudanganywa ni sisi."

Daktari wa mifugo aliingia na mkoba wake, akasalimia, akaona macho ya wote wawili mekundu, akadhani wanamlilia mbwa tu. Alikuwa anavuta kwenye sindano dawa ya kumpumzisha Bosi milele simu ya fundi ilipoita. Jina lililotokea lilikuwa "Mume Mtarajiwa."

"Usipokee!" mgeni alisema.

Fundi alitamani kuibamiza ukutani. Lakini jana, akimlisha Bosi uji kwa kijiko, alikuwa amemnong'oneza sikioni: hutaondoka bila kumsikia. Akapokea, akaweka sauti kubwa.

"Mpenzi, kuna mwanamke anaweza kuja hapo, usimsikilize, mimi..."

"Yuko hapa, anakusikia. Sikupokea kwa ajili yako. Daktari ameshafika. Nilimwahidi Bosi atakusikia. Mwite."

Wakasikia mwanamume akilia.

"Bosi... Bosi wangu. Twende."

Masikio yalisimama. Miguu ya mbele ikahangaika sakafuni.

"Hana haja ya kutoka," daktari alisema kwa upole. "Tumalizie hapa hapa, usijichoshe."

"Neno limeshasemwa, daktari."

Fundi alipitisha chini ya tumbo la Bosi mkanda wa turubai alioushona mwenyewe, akanyanyua. Mgongo ulimchoma kama kila siku, akauma meno. Mgeni alisimama, akashika mkanda upande wa pili.

"Wewe mjamzito, acha."

"Si nami nililisema?"

Wakatoka, hatua kwa hatua, mpaka kwenye nguzo ya umeme. Bosi aliinusa kwa makini, kama msomaji wa gazeti. Kisha akajilaza, na daktari akapiga magoti kando yake na sindano.

Simu ilikuwa bado hewani mfukoni mwa aproni.

"Bosi wangu... mpenzi, nisamehe. Nijibu basi. Nisamehe..."

Kila neno lilimchana fundi. Hakujibu. Wala hakukata simu, mpaka masikio ya Bosi yalipolala.