Maana ya Kumi na Nne

"Neno letu. Kumi na nne. Saa tisa alasiri."

Sauti ikakatika. Mkuu wa kikosi akaizima mashine ya kunasia mawasiliano.

Ilikuwa saa nane na dakika tano.

Neno lenyewe walilijua. Lilikuwa la Kiingereza, "set", neno fupi lenye maana chungu nzima, na wafanyamagendo wa baruti walilitumia kutajiana mahali kwa namba za maana zake kwenye kamusi. Mwezi uliopita walituma "nne". Maana ya nne ni kuandaa meza. Siku hiyo mkahawa wa stesheni ulilipuka, watu kumi na tisa wakafa, na kikosi kikang'amua siri wakati maiti zimeshapangwa barabarani.

Mkuu alifungua kamusi mpya kabisa.

"Kumi na nne. Saruji kuganda. Kiwanda cha saruji! Wote, twende!"

Buti zikatimka. Milango ya Land Rover ikabamizwa huko nje.

Mpelelezi mmoja hakuinuka. Walimwita Karani, kwa sababu kabla ya kukabidhiwa bastola ya Glock alikuwa ametumikia ofisi ya kamusi miaka saba, na wenzake hawakuchoka kumtania kwa hilo.

"Mkuu, hilo toleo la ngapi?"

"La saba. Kwani vipi?"

Karani aliinuka. Toleo la saba alilishughulikia yeye. Kwa mkono wake aliingiza maana mpya, seti ya televisheni, ikawa ya sita. Zote zilizofuata zikasogea namba moja mbele.

"Katika toleo la sita, kumi na nne ni kuunga mfupa. Wanakwenda wodi ya mifupa."

"Nani bado anatumia kamusi ya zamani?"

"Namjua mmoja," alisema Karani, na alitamani asingemjua.

Mkuu alisita. "Siwezi kuacha kiwanda kwa kubahatisha. Chukua pikipiki. Uko peke yako."

Yamaha ilinguruma hadi langoni mwa hospitali. Saa nane na dakika hamsini.

Wodini kulikuwa na vitanda arobaini. Miguu imening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito, viuno vimefungwa plasta. Hakuna hata mmoja pale ambaye angeweza kukimbia. Karani alishikwa na hasira.

"Dada, muda wa kuona wagonjwa bado," alisema nesi.

Karani alimwonyesha kitambulisho. "Nani ameingia ambaye si wa hapa?"

"Fundi tu. Kaleta mtungi wa oksijeni. Tena hatukuagiza, nikasema labda stoo wamekosea."

Mlango wa nyuma ulikuwa bado unacheza. Karani akatimua mbio.

Mtu wa ovaroli ya bluu aligeuka kwenye ngazi, bastola mkononi. Alifyatua. Risasi ikachimba ukuta.

Glock ilijibu mara moja. Yule mtu akabiringika hadi chini na hakuinuka tena.

Karani alirudi wodini mbio. Mtungi ulikuwa kando ya kitanda cha tisa. Chini yake, saa ndogo ya Casio na nyaya mbili. Dakika sita.

Kuhamisha watu arobaini haiwezekani. Kuhamisha mtungi, inawezekana.

"Nesi, toroli!"

Waliusukuma pamoja, magurudumu yakilia, kupita jikoni, kupita dobi, hadi kwenye shimo la takataka nyuma ya ukuta wa mawe. Wakausukumia ndani na kulala chini.

Ardhi iliruka. Vioo vya dobi vikamwagika.

Redio ilikoroma. "Karani! Hapa kiwandani kimya. Hali?"

"Shimo limelipuka, Mkuu. Wagonjwa wote salama. Nakwenda kumchukua mwenye kamusi."

Saa kumi na moja, mzee alimfungulia mlango kwa tabasamu. Ndiye mhariri mkuu aliyemfundisha kazi na kumwita mwanangu. Mezani toleo la sita lilikuwa wazi.

"Umejuaje?" aliuliza, macho yakiwa kwenye pingu.

"Hujawahi kulifungua la saba, Mwalimu."

"Nilifungue la nini? Waliniondolea jina langu kwenye jalada. Na ile maana yako ya sita ni upuuzi hadi leo."

"Kwa hiyo ukawauzia wauaji namba."

"Nilitoa namba tu. Sikumgusa mtu."

Karani alitoa karatasi mfukoni, akaiweka juu ya ukurasa. Ilikuwa orodha ya waliokufa mkahawani.

"Hawa nao walikuwa na majina. Yasome."

Mzee alisoma. Alipofika la kumi na moja, miwani ilimponyoka.

Karani alimfunga pingu.

"Naomba nije na kamusi yangu," mzee alisema.

"Haiwezekani, Mwalimu. Ni kielelezo cha mahakama."

Alimkabidhi kwa askari waliokuwa wakingoja nje, akaibana kamusi kwapani, akavaa helmeti na kuwasha pikipiki.