Mashine ya Pumzi na Pazia la Mkwe

Kila asubuhi pale hospitalini, kabla ya uji, Mzee Anyosisye alipuliza Kisomapumzi, na ndege wa mwanga akaruka kutoka kwenye mashine hadi darini. Ilipobaki siku moja kabla ya upasuaji wake wa ini, ndege alifika nusu, akawa mwekundu, akaanguka.

"Mapafu yana jambo ambalo sijaambiwa," ilisema mashine.

Daktari Mwanaidi alivuta kiti. Kisomapumzi kilibuniwa hapo Tukuyu kwa ajili ya watu wanaopandikizwa ini. Mara nyingi ini jipya lilikubali, lakini mapafu yakajaa maji au yakashikwa na nimonia. Mashine ilipima umri, ukali wa ugonjwa, urefu wa upasuaji, damu na maji ambayo mgonjwa angeongezewa, kisha ikatabiri hatari. Mengine ilibidi iambiwe.

"Mzee, umewahi kuvuta tumbaku?" daktari aliuliza.

"Mimi? Hata moshi wa kuni naukimbia!"

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Ni Tusekile, mke wa mwanawe. Kesho yake angetoa kipande cha ini lake, kwa kuwa la mumewe halikufaa. Kwa desturi ya kwao, mkwe hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Mzee akiwa na neno, aliipa mashine: "We mashine, mwambie aliye nyuma ya pazia ale ashibe."

"Daktari," Tusekile alisema, "anavuta kiko. Nyuma ya zizi, kila jioni. Nikimfulia mashati nanusa tumbaku."

Mzee alijifunika shuka usoni.

"Nilinyamaza kwa heshima," Tusekile aliendelea. "Sasa naogopa heshima hiyo itamuua."

Upasuaji ukaahirishwa. Kiko kikatupwa. Mzee akawa anapuliza asubuhi na jioni, akinung'unika kwamba hata ng'ombe wake hawafanyishwi kazi hivyo. Madaktari nao wakapanga upya kiasi cha maji na damu. Hatari ilipungua, ingawa haikuisha.

Baada ya upasuaji, alipotolewa mrija wa kupumulia, Mzee alipuliza taratibu. Ndege wa kijani alipanda, akasita, akagusa dari. Kwenye kitanda cha pili, ng'ambo ya pazia, Tusekile alicheka huku ameshika kidonda.

"We mashine," Mzee alianza, "mwambie aliye nyuma ya..."

Akanyoosha kidole, akaizima.

"Tusekile, mwanangu," alisema. "Nilificha kiko kwa kuona haya mbele yako. Asante."