Injini ya Nyuma

Siku walipokutana kwenye jukwaa la stesheni, katikati ya abiria na mizigo, dereva yule wa treni alimvuta fundi cherehani asigongwe na mkokoteni, akamwachia alama za vidole vya masizi kwenye gauni jeupe.

"Hili utalifua wewe!" bibie akafoka.

Na alilifua kweli. Mapenzi yakaanzia kwenye beseni.

Leo bibie kavaa gauni lile lile, kakaa behewa la mwisho, anamkimbia, anarudi kwa mjomba wake. Mara tatu bwana huyo aliahidi kwenda ng'ambo ya mlima kwa mjomba, kuposa. Mara tatu mjomba alisubiri mpaka jioni, kisha ikaja simu: "Laazizi, hakuna wa kunipokea zamu." Visingizio! Kazi yenyewe kusukuma treni mpaka kileleni, basi. Injini yake haifungwi hata kwenye behewa. Inaegemea tu kwa nyuma, wakifika juu inabaki.

Mlimani, penye korongo, pakalia paa! Mabehewa ya mbele yakaenda zao. Kiungo kimekatika. Behewa la mwisho likaanza kurudi nyuma, watu wakapiga mayowe, halafu likakita kwenye injini ya nyuma na kutulia. Fundi alichungulia dirishani.

Dereva naye akatoa kichwa. "Wewe! Unafanya nini humo?"

"Nakukimbia!"

"Basi kimbia umekaa! Asishuke mtu, chini hakuna pa kukanyaga!"

"Utalizuia?"

Mtu wa mizaha yule, leo hakutania. "Breki zinateleza. Naogopa, mpenzi. Niongeleshe nisizubae."

Fundi naye aliogopa, lakini akaongea: habari za vifungo, za wateja wabishi, za mjomba na hasira zake. Kila injini ilipoteleza kidogo, alishika ukingo wa dirisha, akaendelea. Aligeuka akahesabu vichwa vya watoto behewani. Saba.

"Na siku zile tatu," akauliza, "ungekuja kwetu, hapa angekuwepo nani?"

"Hakuna. Treni ingepanda hivyo hivyo, bila injini ya nyuma."

Fundi akalia. Aibu na hofu vilimjia pamoja.

Saa nzima ilipita ndipo injini ya mbele ikarudi, wakafunga mnyororo, wakapanda polepole. Kileleni treni ikasimama wakague kiungo. Injini ya nyuma ikapiga honi ya kuaga, kama desturi. Fundi akashuka na begi lake, akaiendea mbio, akapanda.

"Gauni lako!" dereva akasema.

"Lichafue. Turudi kituoni, nimpigie mjomba simu. Kama wewe huwezi kuja kuposa, yeye atakuja huku umpelekee posa."

"Tunateremka mteremko ule ule, unajua?"

"Najua. Naogopa." Akamshika mkono wenye masizi. "Teremsha."