Kola Yenye Muhuri

Fundi cherehani alikuwa na ugonjwa usio na dawa: kila karatasi aliiona kola. Gazeti, kalenda, barua ya shule, vyote alivipiga chaki, akavikata, akavitumia kupimia nguo. Mkewe alishaficha cheti cha ndoa.

Asubuhi moja jirani yao, karani wa mahakama, alikuja kujaribu gauni. Fundi akamzungushia shingoni kola ya karatasi. Karani akaivua, akaisoma.

"Fundi, hii ina muhuri wa serikali."

"Ni pambo tu, dada."

"Pambo linasema pikipiki yako ilipita taa nyekundu. Ulipewa siku kumi na nne kujibu, usipojibu leseni inafungiwa. Leo ni siku ya thelathini."

Fundi akatazama rundo la sare alizoshona. Bila leseni, sare za shule tatu angezipelekaje?

"Maji yameshamwagika," alisema. "Nitajificha mpaka wasahau."

"Serikali husahau kukulipa," mkewe akasema. "Kukudai haisahau."

Karani akavuta kigoda. "Kuchelewa siyo kushindwa. Barua ilipofika ulikuwa wapi?"

"Hospitali, wiki tatu, mguu juu kama bendera. Niliporudi nikaikuta mezani, nikai... nikaikata."

"Na siku ya kosa?"

Mkewe akaichungulia tarehe. "Siku hiyo pikipiki ilikuwa gereji, injini imeshushwa. Risiti ninayo. Nimeificha na cheti cha ndoa."

"Basi andika barua leo hii. Omba usikilizwe ingawa muda umepita. Eleza kwa nini umechelewa. Kisha eleza kwa nini unakataa kosa. Ni mambo mawili, usiyachanganye. Ambatisha nakala za cheti cha hospitali na risiti ya gereji, zile halisi baki nazo. Ukifika dirisha la mahakama uliza utaratibu wao, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usimpe mtu chochote cha pembeni."

"Na kola?"

"Sema kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na mguu wako bado haujapona."

Fundi aliandika, akapeleka, akaitwa. Hakimu aliinua ile kola kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo notisi?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Saizi ya kati."

Hakimu alikohoa kikohozi kirefu kisicho cha mafua. Akasoma cheti cha hospitali, akaikubali sababu ya kuchelewa. Akasoma risiti ya gereji, akalifuta kosa.

"Lakini ungekuja siku uliyotoka hospitali," alisema, "tusingekuwa tunasoma kola."

Jumatatu sare zilifika shule zote tatu. Karani alivaa gauni lake kazini, na kola ilikaa shingoni kama aliyozaliwa nayo. Ukutani mke wa fundi alitundika mfuko wa barua ulioandikwa: MKASI MARUFUKU.

Mwezi uliofuata ikaja barua nyingine yenye muhuri. Fundi akaweka mkasi chini. Akaisoma mpaka mwisho, akaizungushia tarehe duara la chaki, akaitia katika ule mfuko wa ukutani.

Kisha akamgeukia mkewe kwa unyenyekevu. "Mama, bahasha je?"